Wosia kwa Wajukuu Wangu wa Tezo

Wajukuu wangu,

Mambo ya shamba nimeyamaliza mbele ya baba zenu, na mzee wa mtaa alikuwapo. Minazi imehesabiwa, mipaka imepandwa minyaa. Anayeifungua barua hii kutafuta ekari, aikunje.

Nataka kusema nanyi juu ya kukwama. Nawaona. Mmoja amemaliza chuo, huu mwaka wa pili anazunguka na bahasha ya vyeti. Mwingine bodaboda yake inakula kila inachoingiza. Kukwama si aibu, wala Tezo si jambo geni. Kinachonitia hofu ni swali linalowatoka mwanzo kabisa: “Ni nani?” Nani kanifunga? Nani hataki niinuke?

Swali hilo hapa Kilifi lina damu. Wazee wenzangu wamekatwa mapanga kwa sababu ya mvi na macho mekundu, na mara nyingi ukilifukua neno “mchawi” unakuta chini yake kipande cha ardhi ambacho mtu anakitamani. Kule Ganze ipo Kaya Godoma, wanakohifadhiwa wazee waliotoroka miji yao. Zamani kaya zilikuwa ngome zetu dhidi ya adui wa nje. Leo mzee anaingia huko akimkimbia mtoto aliyemzaa.

Basi wosia wangu ndio huu: mkikwama, liacheni swali la nani, mshike swali la vipi. Hii inakwendaje? Imeanzia wapi? Inakula nini?

Kuna mwaka minazi yetu ya upande wa kisima iliugua. Kuti changa likifunguka, unaliona limekatwa pembe kama kwa mkasi, na mingine ilikufa kabisa kuanzia kileleni. Watu wakaanza kulitaja jina la jirani mmoja, kwa sauti ya chini, kisha si ya chini tena. Marehemu kaka yangu alikuwa mgema. Alipanda na kipande cha waya, akauchomeka kwenye tundu karibu na moyo wa mnazi, akamvuta mdudu mweusi mwenye pembe. Chonga. Mwingine angemponda akaendelea na ugema wake. Yeye alimtia mfukoni, akashuka, akamweka mezani wakati tunakula, mama akapiga kelele. Kaka akauliza: huyu mkubwa hivi, utoto wake ameumalizia wapi?

Hakuna aliyemjibu, maana hakuna aliyewahi kujiuliza. Akaanza kuzunguka shambani na shoka, akipasua kila kilichooza. Akawakuta kwenye magogo ya minazi iliyokufa ambayo tuliyaacha yamesimama, na kwenye lundo la samadi nyuma ya zizi: mafunza meupe, manene, yamejikunja. Magogo ni yetu, na samadi ni ya ng'ombe wetu. Tukapasua, tukachoma, samadi tukaitawanya, kuku wakashiba. Chonga hawakwisha, sitawadanganya, mpaka leo wapo. Lakini minazi iliyobaki ilirudi kuzaa. Na yule jirani aliishi hata akafa kwa uzee wake, nami nilikuwa miongoni mwa waliomchimbia kaburi.

Degedege nayo ilikuwa hivyo hivyo. Mtoto akikakamaa kwa homa, wakubwa wetu walisema ameshikwa na nyuni, ndege wa pepo. Siwacheki. Waliona kitu cha kutisha wakakipa jina. Shida ya jina ni kwamba ukishalipata hutafuti tena. Watafiti wa tiba wa KEMRI walipoanza kituo chao Kilifi mwaka 1989, walikuja mpaka vijijini na maswali yaliyochosha watu: mtoto analala wapi, ameugua lini, na tunaomba damu kidogo. Uvumi ukaenea juu ya hiyo damu, mwajua tulivyo. Kati ya 1993 na 1995 walijaribu vyandarua vilivyotiwa dawa, kumzuia mbu wa malaria iletayo degedege hiyo, na vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vikapungua kwa karibu thuluthi moja. Huenda katika nyinyi mnaosoma haya yumo ambaye asingekuwa hapa lau watu hao wasingeuliza.

Mwaka huohuo wa 1993 ulianza mradi wa Kipepeo pale kwenye magofu ya Gede. Wakulima wa kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke walikuwa wamekwama hasa. Tembo na nyani wanakula mahindi, na msitu wenyewe ni marufuku kuukata. Wengi walitaka ufyekwe, wagawiwe. Kilichowafungulia njia ni jambo dogo la kuchekesha: kila kiwavi ana majani yake, na mengine hayagusi. Ukijua ni majani gani, unapanda mti wake, unamweka kipepeo jike ndani ya wavu atage, unawalisha viwavi mpaka wajifunge kuwa pupa. Pupa unaipeleka Gede haraka, kabla haijapasuka, nayo inapanda ndege kwenda Ulaya na Marekani, ambako watu hulipa kiingilio wamwone kipepeo akiruka ndani ya nyumba ya vioo. Hilo la kiingilio bado linanichekesha. Si utajiri, na biashara inayotegemea ndege na wageni wa mbali huweza kukatika siku yoyote. Lakini mtu aliyemjua kiwavi kama mharibifu wa mdimu wake tu, sasa anajua ni yupi anakula nini, na ana sababu ya kuutaka msitu ubaki.

Sisemi mwe wachunguzi wa mambo ya watu. Huo ni umbea, na Tezo umetutosha. Tena najua sisi wakubwa tumewaziba midomo: mtoto akiuliza mara ya pili anaambiwa hana adabu. Mzee akikwambia “ndivyo ilivyo,” usibishane naye. Keti, muulize tangu lini. Wazee wengi hupenda swali hilo, na humo ndani ya hadithi ndefu utapata unachokitafuta.

Wewe wa bodaboda, kila wiki unanunua plagi. Umemuuliza fundi kwa nini inaungua, au unauliza bei tu? Wiki hii usiondoke gereji mpaka akuoneshe.

Nawe wa vyeti, umesomea kilimo. Tangu kiwanda cha korosho cha Kilifi kifungwe miaka ya 1990, watu wengi waliacha hata kuitazama mikanju yao. Yetu bado inatoa maua, kisha maua yanaota unga mweupe na kukauka. Mtwara wanauita ubwiri unga, na wanaupiga kwa salfa. Lakini ule mkanju wa karibu na choo kila mwaka unaponea, na ni mbegu ileile. Kwa nini? Mimi sijapata jibu. Kata tawi la huo na tawi la ule ulioungua, yafunge kwenye gazeti, uende nayo Mtwapa kwenye kituo cha utafiti cha KALRO. Bahasha iache nyumbani. Wakikuuliza maswali, yaandike pamoja na majibu yao, uje uwasomee wenzako. Nauli ameshika nyanya yako.