Kashinda Bila Kurusha Hata Mpira Mmoja: Vituko vya Waokoa Jahazi wa Besiboli

Julai 7, 2009, jiji la Denver, Marekani. Matokeo ni 4-4, raundi ya nane. Wageni kutoka Washington wameshatolewa watu wawili na wana mtu mmoja kasimama kituo cha kwanza. Kocha wa Denver anamuita jamaa mmoja wa miaka 39, anatumia mkono wa kushoto, mzee wa kazi. Jamaa anatoka kule pembeni wanakokaa warushaji wa akiba, anapanda kile kichuguu cha katikati ya uwanja, anashika mpira.

Kabla hajamrushia mpigaji hata mpira mmoja, anageuka anampasia mwenzake wa kituo cha kwanza. Yule mkimbiaji wa Washington alikuwa kajisogeza mbele kimtindo, si unajua, anataka kuiba kituo. Kanaswa katikati, katolewa. Watu watatu, zamu imeisha. Jamaa anarudi kukaa benchi.

Zamu iliyofuata Denver wakapata pointi moja. Raundi ya tisa akaja mrushaji mwingine kabisa kumalizia. Mechi ikaisha 5-4, na kitabu kikaandika kwamba mrushaji aliyeshinda mechi ni yule mzee wa benchi. Mipira aliyowarushia wapigaji: sifuri.

Unaweza kusema ni bahati ya mara moja. Wapi! Mei 2003 kuna jamaa wa Baltimore alishinda hivyohivyo, bila kurusha kitu.

Sasa kwa ambao besiboli mnaijua kwenye muvi tu, taratibu kidogo. Timu zinapiga kwa zamu, raundi tisa. Mrushaji anarusha, mpigaji ana gongo lake. Wakitolewa watu watatu, zamu kwisha. Mtu akipiga vizuri, au akirushiwa mipira minne mibovu, anapata kituo cha kwanza, halafu anatafuta cha pili na cha tatu, na akifanikiwa kurudi nyumbani hiyo ni pointi. Mrushaji aliyeanza mechi akichoka au akianza kupigwa hovyo, anatolewa, anaingia wa akiba kuokoa jahazi.

Utata unaanzia hapo. Uwanjani timu ina watu tisa, lakini kila mechi inapoisha lazima mrushaji mmoja aandikwe kashinda na mrushaji mmoja aandikwe kashindwa. Ushindi unakwenda kwa yule aliyekuwa kwenye nafasi wakati timu yake inachukua uongozi ambao haukupotea tena. Aliyeanza mechi ana sharti la ziada, lazima awe amemaliza raundi tano. Hakuna mahali sheria inapouliza umerusha mipira mingapi. Yule mzee wa Denver alikuwa kasimama foleni dirisha likafunguliwa, basi.

Na wala usimuonee wivu. Siku tatu baadaye aliingia tena kuokoa jahazi, mpira ukapigwa ukaja moja kwa moja kwenye mguu wake, mfupa ukavunjika. Hakurusha tena mechi ya ligi kuu. Zile sekunde alizopewa ushindi wa bure ndizo zilikuwa za mwisho mwisho wa kazi yake.

Huu ujanja wa kushinda kwa kuwepo ni wa zamani. Mwaka 1959 kulikuwa na mwokoa jahazi wa Pittsburgh aliyemaliza msimu na rekodi ya ushindi 18, kushindwa 1. Ukiisoma hivyo unasema huyu mtu hatari. Lakini waliokuwa wanafuatilia waliona kitu kingine: baadhi ya mechi hizo jamaa aliingia timu yake ikiwa inaongoza, akaruhusu wapinzani warudi mchezoni, halafu wapigaji wenzake wakamfutia aibu kwa kupata pointi nyingine. Kwa hiyo kaharibu, halafu kaandikwa mshindi. Wamarekani wenyewe ushindi wa aina hii wanaufananisha na tai mzoga, ndege anayesubiri wengine wafanye kazi halafu anakuja kula.

Mwandishi mmoja wa michezo wa Chicago aliona hiyo si sawa. Akabuni hesabu mpya ya kuwapa haki waokoa jahazi, inaitwa sevu, na mwaka 1969 ikawa takwimu rasmi ya ligi. Wazo lilikuwa zuri kabisa. Ukiingia timu yako inaongoza, ukamaliza mechi bila kuupoteza ule uongozi, unaandikiwa sevu. Ila masharti yake yana milango mitatu, na kupita mmoja tu kunatosha. Mlango wa kwanza, uingie timu ikiongoza kwa pointi zisizozidi tatu na umalize angalau raundi moja. Wa pili, uingie hali ikiwa mbaya kiasi kwamba wapinzani wanaweza kusawazisha muda wowote. Wa tatu, umalize mechi kwa kurusha raundi tatu, bila kujali mnaongoza kwa ngapi.

Huo mlango wa tatu, jamani!

Agosti 22, 2007, Texas wapo ugenini Baltimore. Kijana wao wa miaka 24 anaingia raundi ya saba timu ikiongoza 14-3. Anarusha raundi zake tatu kiroho safi. Wakati yeye anafanya hivyo, wenzake wanaendelea kupiga tu, kama vile wametumwa. Mechi inaisha 30-3. Ndiyo, thelathini kwa tatu. Hakukuwa na timu iliyofikisha pointi 30 kwenye mechi moja ya ligi kuu tangu mwaka 1897. Na yule kijana akapewa sevu. Kaokoa nini sasa? Ni kama mtu aliyekuja kukunja viti asubuhi baada ya harusi, halafu kamati inamtaja kama aliyeiokoa sherehe.

Kijana hana kosa. Karani wa mechi hana kosa. Sheria imesema raundi tatu, zimepigwa raundi tatu.

Hivyo ni vya kuchekesha. Kinachouma ni hesabu ya madeni.

Kila mrushaji ana wastani wake, yaani pointi anazodaiwa kwa kila raundi tisa alizorusha. Hiyo ndiyo namba inayotembea naye maisha yake yote, inakaa pembeni ya sura yake kila akionyeshwa kwenye televisheni. Sasa tuseme mrushaji wa kwanza katolewa kaacha watu watatu, vituo vyote vimejaa. Anaingia mwokoa jahazi. Mpira wake wa kwanza tu unapigwa hadi ukutani, wote watatu wanarudi nyumbani. Pointi tatu. Zinaandikwa kwa nani?

Kwa aliyetoka.

Yaani yeye keshakaa benchi, kavua glovu, kajifunika koti, anaangalia deni linapanda na hana cha kufanya. Aliyepigwa ule mpira, kama akijitahidi kuwatoa watatu waliofuata, wastani wake unabaki msafi kama shati la Idi. Ni sawa na kumuazima mshkaji bodaboda yako, anakamatwa na trafiki mara tatu, halafu faini zote zinasoma kwenye namba yako ya usajili.

Wenye sheria wana hoja yao. Wanasema wale watu watatu waliwekwa pale na nani? Si wewe? Ungewatoa mapema tusingefika huku. Ni kweli, ila ni nusu ya kweli. Mtu kusimama kituo cha kwanza siyo pointi, lazima mwingine ampitishe, na aliyempitisha kaandikiwa sifuri. Kuna takwimu ya pembeni inayohesabu watu waliorithiwa na wangapi kati yao walipita, lakini hiyo haina kiki, wanaiangalia wataalamu tu.

Deni la kurithi liliwahi kumfuata hata mtu ambaye hakufanya kosa lolote. Juni 23, 1917, Boston wanacheza na Washington. Mrushaji wa Boston siku hiyo ni kijana ambaye baadaye alikuja kuwa supastaa mkubwa kuliko wote kwenye mchezo huu. Anamrushia mpigaji wa kwanza mipira minne, mwamuzi anasema yote mibovu, nenda kituo cha kwanza. Kijana kapandisha mori, kabishana, katolewa nje, na kabla ya kutoka akamtandika mwamuzi ngumi. Fujo. Mwokoa jahazi anaingia bila kujiandaa. Yule mtu wa kituo cha kwanza anajaribu kuiba cha pili, anatolewa. Wapigaji 26 waliofuata, wote, mmoja baada ya mwingine, wametolewa. Hakuna aliyefika hata kituo cha kwanza. Boston 4-0.

Mechi kamilifu, si ndiyo? Ndivyo ilivyohesabiwa kwa miaka mingi. Halafu mwaka 1991 kamati ya ligi ikakaa na kupitia rekodi za zamani, ikaona kwamba kuna mtu mmoja alifika kituo cha kwanza siku ile, na warushaji walikuwa wawili. Ile heshima ikashushwa, ikawa mechi ya ushirikiano. Ushirikiano na nani? Na mtu aliyepiga mwamuzi ngumi! Mwenyewe alishafariki mwaka 1980, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumpigia simu kumuuliza anajisikiaje.

Wapo wengine hata jina la kulindwa hawakulipata. Cleveland, 1922, kijana mmoja alipewa nafasi yake ya kwanza ligi kuu. Hakumtoa mtu hata mmoja. Akadaiwa pointi sita, akaondolewa, na hakupewa tena nafasi maisha yake yote. Sasa tafuta wastani wake: unagawa deni kwa raundi alizorusha, na raundi ni sifuri. Haigawanyiki. Kwenye vitabu, mahali pa wastani pamewekwa ile alama ya namba nane iliyolala, maana yake hauna mwisho. Hebu fikiria wajukuu wanatafuta jina la babu mtandaoni wanakutana na hiyo nane.

Mwaka 2020 wakaongeza kituko kingine. Mechi ikiisha sare baada ya raundi tisa, kila timu inaanza raundi ya ziada ikiwa na mtu tayari kasimama kituo cha pili. Kamuweka nani? Sheria. Mwokoa jahazi anaingia, anawatoa watatu mfululizo, lakini mipira miwili kati ya hiyo ilipigwa mbali angani na yule mtu wa bure akapata muda wa kusogea kituo cha tatu, kisha nyumbani. Pointi hiyo haiingii kwenye deni la mrushaji, wamekuwa waungwana. Ila timu ikipoteza kwa pointi hiyohiyo, mrushaji anaandikwa kashindwa mechi. Hakuna mpigaji hata mmoja aliyefika kituo cha kwanza mbele yake. Kashindwa.

Mtu anaweza kusema namba ni namba tu. Basi sogea kwenye mpunga.

Ile kofia ya herufi N na Y zilizoshikana, inayouzwa Kariakoo na kuvaliwa na kila msanii chipukizi, ni ya timu ya besiboli ya New York, Yankees. Walikuwa na mwokoa jahazi mmoja wa kuogopesha, jitu la zaidi ya mita mbili. Misimu mitatu mfululizo, 2014 hadi 2016, alichaguliwa timu ya mastaa. Mwaka 2016 peke yake aliwatoa wapigaji 126 kwa kuwakosesha mipira, na huyo anaingia raundi moja moja tu. Lakini kazi yake kubwa ilikuwa raundi ya saba na ya nane, pale ambapo jahazi linazama kwelikweli. Raundi ya tisa, ambayo ndiyo yenye sevu, kwa muda mrefu kocha alikuwa anampa mtu mwingine. Mwaka ule akamaliza na sevu 12.

Mwanzoni mwa 2017 akaomba dola milioni 5 kwa msimu. Klabu ikasema milioni 3. Wakaenda kwa wasuluhishi, na utaratibu wa kule hauruhusu kugawana katikati, unachaguliwa upande mmoja tu. Wakachagua milioni 3. Haikuishia hapo, rais wa klabu akaongea na waandishi na kusema hadharani kwamba jamaa siyo mfungaji wa mechi, na hela anayoitaka ni ya watu wenye sevu nyingi. Kumbuka nani anaamua mtu arushe raundi ya tisa. Siyo mrushaji. Na miezi michache kabla, klabu hiyohiyo ilikuwa imesaini mfunga mlango kutoka Cuba, miaka mitano, dola milioni 86.

Kwa hiyo kijana wa Texas kapata sevu kwenye mechi ya 30-3, na jitu la New York limekosa dola milioni 2 kwa kuokoa jahazi raundi isiyo na jina. Ungekuwa wewe msuluhishi ungempa nani?

Msimu wa 2019 ulikuwa wa mwisho wa mkataba wake pale, na karibu wote aliumaliza akiuguza bega. Akarudi Septemba, mechi ya ugenini Toronto. Akakutana na wapigaji wawili, akawakosesha wote wawili. Baada ya yule wa pili akaruka kidogo kwa furaha, akatua vibaya, mshipa wa kisigino ukachanika nusu. Msimu ukaishia hapo. Mwezi Desemba akasaini timu nyingine ya jiji hilohilo.

Ukifungua kitabu leo, mstari wake wa 2019 unasema mechi moja, wapigaji wawili, wastani 0.00.