Baba na Kitabu cha Picha

Wako akina baba wengi vijijini wasemao, "Mambo ya vitabu ni ya mwalimu, kazi yangu mimi ni kununua daftari." Wengine hawasemi hivyo kwa kiburi, bali kwa haya, maana hawakujaliwa kusoma, nao hawapendi mtoto awaone wamekwama mbele ya herufi. Sisi walimu twawajua sana watu hawa, na ni kwa ajili yao hasa twataka kueleza habari za kitabu ambacho karibu hakina maneno.

Kitabu hicho kilitoka Ujerumani, jina lake Vater und Sohn, yaani Baba na Mwana. Aliyekichora ni Erich Ohser, aliyezaliwa mwaka 1903 na kukulia katika mji wa Plauen. Picha zake zilianza kutolewa katika gazeti moja la kila juma la Berlin mwezi wa Desemba 1934, zikaendelea mpaka Desemba 1937, hadithi zaidi ya 150. Kila hadithi ni picha chache tu zifuatanazo. Baba ni mtu mnene mwenye kipara na masharubu makubwa. Mwanawe ni mtoto mwenye nywele zilizosimama kama miiba ya nungunungu.

Tutazame hadithi moja. Chakula ki tayari mezani, mtoto haonekani. Baba aenda kumwita, amkuta amelala kifudifudi sakafuni, anasoma. Mtoto aja mezani. Sasa baba ndiye haonekani. Mtoto arudi kumtafuta, kumbe! baba naye amelala pale pale, kitabu kimemnasa. Katika hadithi nyingine baba amfanyia mtoto kazi aliyopewa shuleni. Mwalimu aona makosa, auliza ni nani aliyeyaandika, kisha afunga safari mpaka nyumbani na kumchapa baba. Hapo sisi walimu twacheka kuliko watoto, wala hatuombi radhi.

Walakini msidhani ya kuwa mwenye kuchora mambo haya alikuwa mtu wa raha. Kabla Hitler hajashika serikali mwaka 1933, Ohser alikuwa amemchora yeye na wenzake kwa dhihaka. Hawakusahau. Walipotawala walimnyima ruhusa ya kufanya kazi yake. Na hata aliporuhusiwa kuchora picha zisizo za siasa, hakuweza kutumia jina lake, akajiita e.o.plauen, kwa herufi za kwanza za majina yake pamoja na mji wake. Yeye mwenyewe alikuwa na mwana mdogo, aliyezaliwa mwaka 1931. Katika nchi iliyokuwa ikiwafundisha wavulana hatua za askari, yeye alimchora baba atambaaye sakafuni na mwanawe. Mwaka 1944 alishitakiwa kwa maneno aliyoyasema juu ya watawala, akafungwa, akajiua gerezani mwezi wa Aprili kabla ya kuhukumiwa. Picha zikabaki, nazo huchapwa hata leo.

Basi baba asiyejua kusoma afanyeje? Ampakate mtoto, aweke kidole juu ya picha ya kwanza, aulize, "Huyu anafanya nini?" kisha anyamaze. Kunyamaza huku ndiko kugumu, kwa kuwa sisi wazee tumezoea kujibu maswali yetu wenyewe. Mtoto ataeleza, akikosea, picha ifuatayo itamsahihisha. Mtu aliyewahi kusimulia habari za sungura na fisi jioni hana haja ya kufundishwa zaidi.

Viko na vitabu vyenye maneno machache, kwa baba ajuaye kusoma kidogo. Katika Owl Moon, kilichoandikwa na Jane Yolen na kuchorwa na John Schoenherr mwaka 1987, baba na mtoto wake waenda msituni usiku wa baridi, theluji imetanda, wakimtafuta bundi. Baba aiga mlio wake mpaka bundi aitikia. Tunajua kwamba kwetu wengi humwona bundi kuwa ndege wa mkosi, na mtoto huenda akaogopa. Ndiyo sababu nyingine ya baba kuwapo, amweleze kuwa ni ndege alaye panya, na kwamba panya ndio wanaotumalizia mahindi ghalani.

Turudi kwa Ohser. Katika hadithi ya mwisho kabisa baba na mwana wanatembea, wanakwenda mbali, mpaka miguu yao yaiacha nchi na kupanda mbinguni. Baba awa mwezi, na mtoto awa nyota kando yake. Mkifika hapo mtoto atauliza wamekwenda wapi. Kama ni usiku wa mbalamwezi, toka naye nje.