Kuhusu ile super() yako

Tanga, Jumapili usiku

Mpwa wangu,

Bibi yako anauliza utakuja lini. Nimemwambia una mitihani.

Programu yako nimeisoma. Unalalamika kwamba super() ndani ya klasi ya Ankara inakwenda kwa Risiti badala ya kupanda kwa mzazi wake, Hati, ilhali Ankara na Risiti hazijuani. Python haijakosea. Tumezoea kuisoma super() kama "mzazi wangu", kumbe ni "anayefuata kwenye foleni", na foleni hupangwa kwa kuangalia klasi ya kitu chenyewe, yaani MauzoTaslimu, iliyozirithi zote mbili. Andika MauzoTaslimu.mro() ujionee: yenyewe, Ankara, Risiti, ndipo Hati. Mtoto humtangulia mzazi, na wazazi hufuatana kama ulivyowaandika kwenye mabano. Kanuni hiyo huitwa C3. Ilianzia kwenye lugha ya Dylan, Python ikaichukua katika toleo la 2.3, mwaka 2003.

Usiikwepe foleni kwa kuwaita wazazi kwa majina. Mimi niliikwepa, nikiandikia programu duka moja la vifaa vya ujenzi. Ankara yangu ilimwita Hati ahifadhi, Risiti naye akamwita Hati ahifadhi, na kila mfuko wa saruji ukaandikwa umeuzwa mara mbili. Jioni fedha za droo zikawa nusu ya zile za kwenye kompyuta. Mwenye duka akamshuku binti aliyekuwa keshia. Nilikaa siku mbili kabla ya kugundua kuwa mwizi ni mimi, na yule binti hadi leo naona haya kumtazama.

Si Python tu yenye ugomvi huu. C++ iliporuhusu wazazi wawili, mwaka 1989, ilikuwa na kisa chake: usipotaja neno virtual, kila mzazi huja na babu yake, mjukuu akabeba mababu wawili wa jina moja. Java ya 1995 ikasema mzazi mmoja basi, mengine yawe mikataba tu. Mwaka 2014 mikataba hiyo ikaruhusiwa kubeba msimbo ulio tayari, na ugomvi walioukimbia waundaji wake ukawafuata.

Nadhani neno lenyewe, kurithi, linatuponza. Kwetu mtu hurithi baada ya mwenyewe kuzikwa, na mirathi ikishagawanywa imetulia. Kwenye programu mzazi yu hai, na kila akigeuza jambo, wanawe wote wanageuka naye bila kuulizwa.

Kwa kweli sioni kwa nini Risiti awe mzazi. Mauzo si aina ya risiti. Mauzo yana risiti. Iweke ndani ya MauzoTaslimu kama kitu cha kawaida, halafu nitumie nione kilichobaki. Na tarehe ya kuja pia, maana bibi ameuliza tena sasa hivi.

Mjomba wako