Jina la Baba Kinywani mwa Wageni

Ndugu zangu wa Nyeri, Karatina na Nanyuki,

Napenda kuwaeleza leo jambo ambalo aliyeko nyumbani aweza kuliona dogo, nalo kwangu mimi niliyeko Glasgow limezidi kukua mwaka hata mwaka: jinsi jina la mchezaji wetu, Victor Wanyama, lilivyoingia katika sentensi za Kiingereza, na yaliyolisibu humo.

Usiku wa tarehe 7 Novemba 2012, katika uwanja wa Celtic Park, kijana huyo, mzaliwa wa Nairobi wa mwaka 1991, aliupiga kichwa mpira wa kona ukatinga wavuni mwa Barcelona, na Celtic ikashinda mabao 2 kwa 1. Mashabiki wakawa wanamtaja kwa jina moja tu, Wanyama, pasipo bwana wala Victor, kwa kuwa ndiyo ada ya Kiingereza cha kandanda. Wakalibandika herufi mwishoni ili kuonyesha milki, bao likawa "Wanyama's". Na aliyetamani viungo wawili wa namna ile akatamani "Wanyamas", hata neno ambalo kwa sikio la Kiswahili ni la wingi tangu asili likavikwa wingi wa pili.

Hapo ndipo nilipoitambua fadhila ya sarufi yetu. Gazeti likiandika "Wanyama wafunga", msomaji atadhani ni habari ya mbugani. Likiandika "Wanyama afunga", kiambishi kimoja kimemtoa mtu miongoni mwa hayawani kikamrudishia heshima yake. Wala asili ya jina si hayawani, bali ni nyama, yaani neema: kwa Waluhya, Wafula huzaliwa wakati wa mvua, Wanjala wakati wa njaa, na Wanyama wakati wa kushiba. Ninyi mlio na akina Wanjohi, ambao jina lao limebeba pombe ya karamu, hamhitaji kufasiriwa.

Walakini lililowatatiza zaidi wenyeji wangu ni habari ya kaka yake, McDonald Mariga, aliyekuwa Inter Milan ilipotwaa Ligi ya Mabingwa ya Ulaya mwaka 2010. Waliniuliza mara nyingi, na kwa adabu, iwapo hawa ni ndugu wa baba mmoja, kwani kwao jina la mwisho ni la ukoo mzima na halibadiliki. Nikawajibu kwamba Wanyama ni jina la baba yao, Noah Wanyama, aliyeichezea AFC Leopards, na kaka mtu analo vilevile baada ya Mariga. Na kwamba kwetu Nyeri kifungua mimba wa kiume humpokea babu mzaa baba, wa pili babu mzaa mama, kila mtoto akawa amemrithi mzee wake.

Nami yamenifika. Siku ya kwanza kazini niliitwa kwa jina la baba yangu, kavu, bila taadhima yoyote, nikanyamaza, maana nyumbani jina lile likiitwa huitika yeye. Sikukasirika, ila nilihuzunika kwamba aitwaye hayupo. Hata mlima ulio juu ya vichwa vyenu ulipita njia hiyo: mwaka 1849 mmisionari Krapf alilisikia jina lake kwa Wakamba, akaliandika kwa kadiri ya sikio lake, na Kirinyaga ikawa Kenya.

Kwa hiyo nawasihi, wazazi wa Ruring'u na Chaka ambao wana wenu wameanza kutazamwa na makocha: siku ya kujaza fomu ya pasipoti msimwachie karani wala msifanye haraka. Kaeni na babu yao, mwulizeni ni jina lipi liandikwe mwisho, kwa sababu hilo ndilo watakaloitwa huku.