Soketi Moja, Nyumba Mbili

Plagi ya pini tatu bapa inayochomekwa London ndiyo hiyo hiyo inayochomekwa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Ndiyo maana birika, pasi na blenda zinazosafiri kwenye makontena kutoka Uingereza hufika nyumbani na kuanza kazi siku hiyo hiyo. Sasa wanaotuma makontena hayo wameanza kuulizana kuhusu mzigo mkubwa zaidi: gari la umeme. Pande zote mbili watu huendesha kushoto, usukani uko kulia, na umeme wa ukutani ni volti 230 au karibu na hapo. Gari lililochajiwa jana Leicester lingeweza kuchajiwa kesho Tabata.

Lingeweza, kama lingepata pa kulala. Gari la petroli halijali linalala wapi, kwa sababu hujazwa sheli kwa dakika tano likaondoka. La umeme hula usiku likiwa limesimama, kwa hiyo mwenye nalo hulipia na vingine pembeni: ukuta, waya na nafasi ya kuegesha. Kwa Mswahili wa ughaibuni, vitu hivyo mara nyingi vimegawanyika kati ya nyumba mbili.

Huko Uingereza, mwenye nyumba yenye maegesho yake binafsi amepata neema. Zipo kampuni za umeme zinazomuuzia uniti moja saa za usiku kwa peni 7 hadi 9. Uniti 20, zinazotosha kuendesha Nissan Leaf kiasi cha kilomita 120, humgharimu chini ya pauni 2. Lakini Waafrika Mashariki wengi wa London, Reading au Birmingham wamepanga ghorofani, au kwenye zile nyumba za safu ambazo mlango wa mbele hufungukia barabarani. Hao hutegemea vituo vya umma, ambako chaji ya haraka huuzwa kwa peni 70 hadi 80 kwa uniti. Uniti zile zile 20 sasa ni pauni 14 hadi 16. Hata kodi inawabagua: VAT ya umeme wa nyumbani ni asilimia 5, ya kituo cha umma ni asilimia 20.

Anayeumia zaidi ni dereva wa teksi za mtandaoni. Tangu Agosti 29, 2023, ukanda wa hewa safi wa London umefika katika kila mtaa wa jiji, na gari chakavu linalotoa moshi mwingi hulipa pauni 12.50 kwa siku. Wengi walihamia umeme kuikwepa tozo hiyo. Kisha unafuu ukaanza kupungua: Aprili 2025 magari ya umeme yakaingizwa kwenye kodi ya barabara, na Desemba 2025 msamaha wa tozo ya kuingia katikati ya jiji ukafikia mwisho. Halmashauri zimejaribu kusaidia kwa kuweka soketi kwenye nguzo za taa. Mwaka 2020, nguzo za Sutherland Avenue, Westminster, ziligeuzwa vituo vya kuchajia. Chaji ya nguzo ni ya polepole na hufaa usiku, ilimradi dereva apate nafasi ya kuegesha chini yake.

Nyumbani mambo hugeuka. Mtu yule yule anayehangaika na maegesho ya barabarani Tottenham ana nyumba aliyoijenga Bunju, Kigamboni au Kitengela, yenye ukuta, geti na uwanja wa magari matatu. Kwa bei ya kawaida ya majumbani ya TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, takriban shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi, uniti 20 ni kama shilingi 7,100, yaani pauni 2 na kidogo. Gari dogo la petroli kwa mwendo huo lingetaka lita 9 hivi, na kwa bei za miaka ya karibuni hizo ni shilingi 25,000 hadi 30,000. Kwa maneno mengine, mwenye geti Bunju anachaji kwa bei ambayo mpangaji wa London hawezi kuipata.

Kabla ya kushangilia, fundi aitwe.

Waya wa kuchajia unaokuja na gari una kiboksi katikati yake chenye vitaa vidogo. Ukiuchomeka ukutani, kiboksi hakipeleki umeme papo hapo. Hukagua kwanza, na vingi hutafuta waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja. Kisipouona, taa huwaka nyekundu na gari halichaji. Zipo nyumba ambazo soketi ina tundu la tatu lakini nyuma yake hakuna waya wowote, au chuma cha ethi kilichimbiwa kwenye mchanga mkavu kikabaki pambo. Mtaani kuna ujanja wa kuunganisha ethi na nyutro ili kiboksi kidanganyike. Huo ni mtego wa kifo: nyutro ikikatika, bodi zima la gari linaweza kupitisha umeme, na wa kwanza kuligusa huenda akawa mtoto anayecheza uwanjani.

Hata ethi ikiwa nzima, soketi iliyowekwa kwa ajili ya pasi na jokofu haikutengenezwa kubeba ampea 10 kwa saa tisa mfululizo kila usiku. Plagi hupata moto, plastiki ikageuka kahawia. Waya wa kurefusha uliokunjwa-kunjwa ni hatari zaidi, kwa kuwa joto halina pa kutokea. Kinachotakiwa ni waya mnene kutoka meinswichi hadi maegesho, wenye breka yake peke yake. Kwa soketi ya kawaida gari hupata kilowati 2.3, na uniti 20 huchukua usiku mzima. Kwa kifaa cha ukutani cha kilowati 7, uniti hizo huweza kuingia kwa saa tatu, na hilo lina maana kubwa mahali ambapo umeme hukatika. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, limeongeza sana umeme wa Tanzania, lakini transfoma ya mtaa ikizidiwa, wa mtaa huo bado hulala gizani.

Kisha ndipo liangaliwe gari lenyewe. Leaf, iliyoanza kuuzwa Desemba 2010, ni miongoni mwa magari ya umeme ya bei nafuu kwenye soko la mitumba. Kwenye zile za awali, mnunuzi akikaa kiti cha dereva na kuwasha, upande wa kulia wa dashibodi ataona safu mbili za vipande. Vile vinene vinaonyesha chaji iliyomo. Vyembamba vya pembeni vinaonyesha afya ya betri, na betri mpya huwa navyo 12. Cha kwanza kikishapotea, takriban asilimia 15 ya uwezo imekwenda. Muuzaji anayetuma picha ya rangi na matairi tu, atakiwe pia picha ya vipande hivyo.

Betri ya Leaf hizo za mitumba haina mfumo wa kuipoza kwa maji, na joto ndilo adui yake. Mwaka 2012, wenye Leaf wa Phoenix, Arizona, walilalamika kwamba vipande vinapotea mapema, na Nissan ikaishia kuweka dhamana ya uwezo wa betri. Dar es Salaam na Mombasa hazina joto la jangwa lile, lakini pia usiku wake haupoi sana. Nairobi, iliyo juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, ni rafiki zaidi. Kivuli, na kuchaji kuishia asilimia 80 kwa matumizi ya kila siku, husaidia sana.

Lipo pia suala la tundu la chaji ya haraka. Leaf hizo za mitumba hutumia CHAdeMO, mfumo wa Kijapani ambao Ulaya imeuacha kwa magari mapya na kushika CCS. Magari yanayotoka moja kwa moja soko la China huja na GB/T. Anayenunua bila kuuliza kituo cha karibu kina mkono gani atabaki kutegemea ukuta wa nyumba yake. Na sheria zina neno: Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo Leaf za mwanzo zimeshafungiwa mlango, na Tanzania gari kuukuu hutozwa ushuru wa uchakavu.

Gari la namna hii ni la mjini. Leaf yenye betri ya uniti 40 huenda kilomita 220 hivi katika hali ya kawaida. Inafika Morogoro kutoka Dar, lakini safari ya Desemba kwenda Moshi, zaidi ya kilomita 500, ni suala jingine. Familia inayotarajia kulipanda kwenda Krismasi iambiwe mapema.

Kwa aliye mbali kuna jambo ambalo mwenyeji halimsumbui: gari kusimama miezi. Betri kubwa isiachwe imejaa wala tupu; nusu yake inatosha. Ile ndogo ya volti 12 ndiyo hufa kwanza, na ikifa gari haliwaki hata kama kubwa imejaa. Ndugu anayebaki na ufunguo afundishwe hilo, na aonywe kwamba nyaya za rangi ya chungwa chini ya boneti hubeba umeme wa volti mia kadhaa. Fundi wa kawaida asiziguse.

Serikali nazo zinasogea. Mwaka 2023 Kenya ilianzisha bei maalumu ya umeme wa kuchajia magari: shilingi 16 kwa uniti, na shilingi 8 usiku, kabla ya kodi na tozo. Bei hiyo inawafaa zaidi wenye mabasi na teksi wanaotumia uniti nyingi, lakini inaonyesha usiku ulivyo na thamani kwa shirika lenye umeme usio na mtumiaji saa hizo.

Kwa hiyo pesa ya kwanza isiende kwa muuza magari. Kila mwezi kuna kuta zinazopandishwa Kigamboni na Kitengela kwa pesa za zamu za usiku za Uingereza, na ukuta ukiwa bado haujapigwa plasta, kupitisha bomba la waya hadi maegesho, kuchimbia ethi ya uhakika na kuacha nafasi ya breka moja zaidi ni kazi ndogo kwa fundi. Kuubomoa baadaye kwa ajili ya hayo ni gharama nyingine kabisa. Anayemtumia fundi pesa za lipu mwezi huu aongeze mstari mmoja kwenye orodha, hata kama gari lenyewe atalinunua baada ya miaka mitano, na hata kama wa kwanza kulichaji atakuwa mpangaji wake.