Farasi Wadogo Wawabebao Watoto Walemavu

Mji wa London mnaujua kwa sifa zake: jumba la mfalme, mto Thames, makanisa makuu na mnara wa saa. Leo tunataka kuwaongoza mpaka mahali ambapo wageni hawapelekwi, upande wa magharibi wa mji, panapoitwa Wormwood Scrubs. Ni uwanda mpana wa majani wenye vichaka pembezoni, na upande wa kaskazini hupita reli. Upande wa kusini zinaonekana kuta ndefu za gereza, na karibu yake hospitali kubwa ya Hammersmith. Gereza lile lilianza kujengwa mwaka 1874, likamalizika mwaka 1891. Waliolijenga walikuwa wafungwa wenyewe, wakipanga kwa mikono yao matofali ya kuta zilizowazuia.

Uwanda huo umezoea farasi tangu zamani. Mwaka 1812 jeshi la Uingereza liliukodi ili lipate mahali pa kuwazoeza farasi wake. Hao walikuwa farasi wakubwa wa vita, waliofundishwa kuielekea mizinga pasipo kugeuka nyuma. Lakini mwaka 1989, pembeni mwa uwanda huohuo, ilianzishwa kazi ya farasi wa namna nyingine kabisa: wafupi, wanene, wenye singa ndefu zinazofunika macho. Waingereza huwaita poni. Asidhani mtu kwamba poni ni mtoto wa farasi. Ni farasi mzima, ila kimo chake mabegani hakizidi sentimeta 148, na wale wa asili ya visiwa vya Shetland hawafikii hata sentimeta 110. Hao hawakuitwa kwa vita. Waliitwa wawabebe watoto, na miongoni mwa watoto hao walikuwamo wasioweza kutembea, wasioona, na wasioweza kusema.

Aliyeanzisha kazi ile ni mtawa, Sista Mary-Joy Langdon, wa shirika la Masista wa Mtoto Yesu. Shirika hilo lilizaliwa Ufaransa katika karne ya 17 kwa juhudi ya Padre Nicolas Barré, aliyehuzunika kuona watoto wa maskini wakikua bila mafundisho. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Padre huyo kuwa Mwenye Heri mwaka 1999. Sista Mary-Joy naye, kabla ya kuingia utawani, alikuwa na kazi ya ajabu. Mwaka 1976 alipokewa katika kikosi cha zimamoto cha East Sussex, akahesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza nchini mwake kupewa kazi ya kupambana na moto. Aliyekimbilia moto ili aokoe watu hakuona haya baadaye kushika jembe na toroli na kuzoa mavi ya farasi kwa ajili ya watoto.

Pengine msomaji atauliza: kwa nini farasi? Je, mtoto mlemavu hana haja ya daktari na dawa zaidi ya mnyama? Swali ni la haki, na jibu lake linafaa kuelezwa vizuri.

Farasi anapotembea kwa mwendo wake wa kawaida, mgongo wake husogea mbele na nyuma, juu na chini, kushoto na kulia, yote kwa pamoja. Kiuno cha aliyempanda hufuata mwendo huo, nacho husogezwa karibu sawasawa na kiuno cha mtu atembeaye kwa miguu yake mwenyewe. Basi mtoto ambaye hajapata kupiga hatua hata moja, mwili wake huonja namna ya kutembea. Tena mwili wa farasi una joto kuzidi wetu kidogo, na joto hilo husaidia kulegeza misuli iliyokazana ya mtoto mwenye mtindio wa ubongo. Na kwa kuwa kila hatua humtikisa, shingo na mgongo hujizoeza kusimama wima.

Hata hivyo tusidanganyane. Farasi hamponyi mtoto ulemavu wake. Wako watoto wanaoogopa, wakalia mpaka warudishwe chini, na hao hawalazimishwi. Faida yenyewe huja polepole, juma kwa juma, kama maji yanavyojaza mtungi tone kwa tone.

Jambo hili lilipata kujulikana sana kwa sababu ya mwanamke mmoja wa Denmark, Bibi Lis Hartel. Alikuwa mpanda farasi hodari. Mwaka 1944, akiwa mja mzito na umri wake miaka 23, alishikwa na ugonjwa wa polio ukampooza. Mtoto akazaliwa salama, lakini miguu ya mama haikurudia nguvu yake chini ya magoti. Wengi walidhani amekwisha kuachana na farasi. Yeye akajifunza upya kutambaa, kisha kusimama kwa magongo, kisha kukaa juu ya tandiko. Mwaka 1952, katika michezo ya Olimpiki ya Helsinki, alishindana na wanaume wenye afya kamili, akapata nishani ya fedha. Na mwaka 1956 akaipata tena. Huko Helsinki, wakati wa kupewa nishani, mshindi wa kwanza, Henri Saint Cyr wa Sweden, alimsaidia kupanda jukwaani. Alipokuwa juu ya farasi hakuhitaji mtu. Alipokuwa chini alihitaji mkono wa mwenzake, naye hakuona aibu kuupokea.

Habari zake ziliwatia moyo watu wa nchi nyingi za Ulaya. Katika Uingereza, mwaka 1969, kiliundwa chama kiitwacho Riding for the Disabled Association, yaani chama cha kuwapandisha farasi watu walemavu. Binti wa Malkia Elizabeth II, Anne, alifanywa mlezi wake mwaka 1971. Vikundi vyake ni mamia, mijini na mashambani, na watu wengi wanaofanya kazi humo hawalipwi hata senti. Kwa miaka mingi chama hicho kimetumia neno la kujitambulisha ambalo maana yake ni kwamba kinachohesabiwa ni lile mtu analoweza.

Sisi tuliwahi kujitolea katika kikundi kimoja cha namna hiyo, mbali na London, kati ya malisho na nyua za mashambani. Yafuatayo tuliyaona kwa macho yetu.

Kazi huanza asubuhi, kabla watoto hawajafika. Mabanda husafishwa, majani ya kulalia hubadilishwa, maji hujazwa. Kila farasi hupigwa brashi, kisha huinuliwa kwato moja baada ya nyingine ili kutoa mawe madogo yaliyonasa, maana jiwe dogo humfanya achechemee, na farasi achechemeaye hawezi kumbeba mtoto. Mnamo saa nne watoto hufika, kila mmoja akavikwa kofia ngumu ya kukinga kichwa. Liko jukwaa lenye mteremko: kiti cha magurudumu husukumwa juu yake polepole mpaka mtoto awe sawa na mgongo wa farasi. Hapo farasi anapaswa kusimama kama jiwe, hata mtoto akipiga kelele, hata mguu ukimgonga ubavuni. Si kila farasi anaweza upole huo. Huchaguliwa mmoja mmoja, na kufundishwa kwa muda mrefu.

Mtoto mmoja huenda na watu watatu. Mmoja huongoza farasi kwa kamba. Wawili hutembea ubavuni, mmoja kila upande, tayari kumdaka mtoto. Kazi hii ya ubavuni ndiyo iliyokuwa yetu, na ndani yake tulipata fundisho tunalotaka kuwaletea ninyi.

Palikuwa na msichana wa miaka tisa. Miguu yake ilikazana, mkono wake wa kuume haukufunguka vizuri, na maneno yalimtoka kwa shida. Majuma ya kwanza, kwa agizo la mwalimu, tulimshika pande zote mbili. Mama yake alisimama nyuma ya ua pasipo kuondoa macho. Ikafika siku mwalimu akasema: “Sasa wakati umefika. Ondoeni mikono, lakini msiondoke.” Kisha, kabla hatujatii, alimgeukia mtoto mwenyewe, akamwuliza: “Unataka wakuachie?”

Mtoto alikaa kimya kitambo. Tena akatikisa kichwa kukubali.

Tukaondoa mikono. Mwalimu akamwagiza mwenye kamba asisogee mpaka mtoto atoe amri. Ndugu zetu, kunyamaza na kungoja ni kazi kuliko kuzoa mavi! Kila mmoja wetu alijua neno lile, na kila mmoja lilimwasha ulimini. Farasi akapumua, akasimama. Mama akashika ua kwa mikono miwili. Mwishowe ikatoka sauti nyembamba, nusu ya neno: “Twe…” Na farasi, aliyezoea watoto, akainua mguu.

Katika hatua ya tatu mtoto aliyumba upande wa kushoto. Mikono yetu iliruka, ikakaribia nguo zake, ikasimama hapo. Akajivuta mwenyewe, akakaa wima. Alikwenda hatua kumi na mbili, tulizihesabu. Farasi aliposimama, alisema neno moja, na safari hii lilisikika lote: “Tena.”

Baadaye mama alituambia: “Nyumbani mimi humvika soksi kila asubuhi. Sijapata kumwuliza kama anaweza kujivika mwenyewe.” Juma lililofuata mtoto aliyumba mara nyingi, ikatubidi kumshika tena. Lakini soksi moja, mama alisema, alikuwa amejivika. Alitumia karibu nusu saa.

Tazameni basi, ndugu wasomaji: kuna upendo unaobeba, na kuna upendo unaotembea ubavuni. Wa kwanza ni wa lazima, na ole wake asiyekuwa nao. Lakini ukibaki peke yake humfanya mtu kuwa mzigo maisha yake yote. Bwana wetu alipokuwa Yeriko alimwona Bartimayo, na hakuna aliyeshindwa kutambua kwamba mtu yule alikuwa kipofu. Hata hivyo Yesu alimwuliza kwanza anataka afanyiwe nini. Aliheshimu kinywa chake kabla ya kuyafungua macho yake.

Kwetu Kongo farasi ni wachache sana. Katika sehemu nyingi mbung'o huwaambukiza ugonjwa unaowaua. Wala hatuwashauri kuagiza farasi kutoka Ulaya! Lakini watoto walemavu hatukukosa. Viko vituo vinavyowatunza na kuwafundisha, kama Heri Kwetu katika Bukavu, na wanaofanya kazi humo wanastahili shukrani na msaada wetu. Lakini kituo hakiwezi kufika kila nyumba. Ziko nyumba ambamo mtoto kilema hufichwa chumba cha nyuma wageni wanapokuja. Ziko nyumba nyingine ambamo anapendwa sana, lakini hulishwa, huvikwa na kusemewa, mpaka akadhani hana mikono wala ulimi. Wazee walionya: hujafa hujaumbika. Mwenye miguu leo asimcheke asiye nayo, wala asimhurumie kwa namna ya kumnyima kazi.

Ninyi wazazi, mwiteni mtoto huyo akae barazani pamoja na wenzake, na Jumapili aje kanisani. Mpeni kazi iliyo sawa na nguvu zake: kuchambua maharagwe, kuchunga vifaranga, kufundisha wadogo zake sala. Ninyi wanafunzi, mnaposindikizana na mwenzenu atembeaye kwa gongo, punguzeni mwendo, wala msimnyang'anye mfuko wake kabla ya kumwuliza. Tukimwuliza, tungoje jibu lake, hata likichelewa. Na akijaribu, mikono yetu iwe karibu.