Mbuni na Mbuni

Kiswahili kimevipa viumbe viwili jina moja. Mbuni ni mti uzaao kahawa. Mbuni pia ni mtu abuniye jambo. Mjini Nyeri na katika miji mingine inayouzunguka Mlima Kenya, wawili hawa wana mengi ya kufunzana.

Mbuni wa kwanza hauna haraka. Ukipandwa leo Othaya, Tetu au Mathira, hukaa takriban miaka mitatu kabla ya kuzaa zao la maana. Katika muda huo hupaliliwa, hutiwa mbolea na kupogolewa. Fedha hutoka, haziingii. Hata hivyo, hakuna mkulima auitaye mche wake hasara kwa kuwa haujazaa.

Mbuni wa pili ni kijana aliyehitimu chuo kikuu, akarudi Karatina au Nanyuki na tarakilishi yake, akaazimia kuunda mchezo wa video. Sharti asuke hadithi, achore wahusika, aandike maelfu ya mistari ya programu, kisha awape watu waujaribu, aubomoe na kuujenga upya. Mwaka hupita, pengine miwili, kabla ya shilingi ya kwanza kuonekana. Nyumbani huulizwa, "Hiyo kazi yako ya kucheza itakwisha lini?"

Serikali ya Kenya haijawasahau vijana. Hazina ya Maendeleo ya Vijana iliundwa mwaka 2006, Hazina ya Uwezo ikafuata mwaka 2013, na ile ya Hustler mwaka 2022. Lakini msingi wa hazina hizi ni mkopo. Mkopo wa kibinafsi wa Hustler, ulipozinduliwa, ulipaswa kulipwa katika siku 14. Muda huo humfaa mama auzaye mboga katika soko la Karatina, kwani huuza leo na kununua kesho. Kwa mbuni wa mchezo, siku 14 hazitoshi hata kumchora mhusika mkuu akakamilika.

Ndipo linapojitokeza suala la ruzuku. Ruzuku imewahi kujaribiwa nchini: shindano la MbeleNaBiz, lililogharimiwa kwa fedha za Benki ya Dunia, liliwapa vijana wafanyabiashara ruzuku ya shilingi 900,000 au 3,600,000. Shindano hilo, hata hivyo, lilikuwa la biashara za kila aina. Kwingineko ruzuku imewalenga wabuni wa michezo wenyewe. Uingereza ilianzisha UK Games Fund mwaka 2015 ili kuzisaidia kampuni changa kuunda sampuli za mwanzo, na makao yake yakawa Dundee, mji wa Uskoti uliowahi kutegemea viwanda vya magunia. Humo ndimo mchezo wa Lemmings ulimoundwa, ukatolewa mwaka 1991. Dundee si London, kama Nyeri isivyokuwa Nairobi.

Kuna watakaopinga, na hoja yao si nyepesi: zahanati zinapokosa dawa, kwa nini kodi ya mwananchi igharimie michezo? Jibu haliko katika kubeza dawa. Liko katika kutoa ruzuku kidogo kidogo, kwa hatua, sampuli ikikaguliwa kabla ya fungu la pili kutolewa. Liko pia katika kukumbuka kwamba watoto wa Nyeri tayari wanacheza kwenye rununu. Wanachocheza kimebuniwa ng'ambo, kwa hadithi za ng'ambo, na fedha zake huenda huko huko.

Wala uwezo haukosekani. Mwaka 2007, Mkenya Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi, mchezo wa pande tatu wenye shujaa wa Kiafrika. Wala hadithi hazikosekani. Wakikuyu walikuwa na gicaandi, mashindano ya kishairi ya mafumbo yaliyoandamana na kibuyu kilichochorwa alama, utanzu ambao Kimani Njogu aliuchambua katika kitabu chake cha mwaka 2004. Fumbo, mpinzani, alama na ushindi: mchezo wa video una kipi zaidi? Hapa mwanafunzi wa Kiswahili ana kazi ya kufanya, kwa kuwa mhusika wa mchezo sharti azungumze, na mtu sharti amwandikie maneno yake.

Aidha, Nyeri inaijua ruzuku hata kabla ya neno hilo kuzoeleka. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi kilianza kama taasisi ya harambee mwaka 1972, na wakulima wa kahawa walikuwa miongoni mwa waliokichangia. Hawakumdai mwanafunzi yeyote riba. Walijua kwamba elimu, kama mbuni, hupaliliwa kwanza.

Wazee hao waliutunza mbuni wa kwanza, na kwa jasho lake wakamsomesha wa pili. Sasa yuko shambani, mche wake ni mchanga na mvua bado. Anayetaka kuchuma naye hana budi kushika jembe leo, kwani mchumia juani hulia kivulini.